UZI: Mradi wa umeme wa maji ukija kijijini, msiulize bwawa peke yake. Ulizeni mto ulio chini ya bwawa

#1 Mkondo wa Chini (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Naomba tujadili jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, maana naona linajirudia kila mradi wa umeme wa maji unapopelekwa vijijini.

Mkutano wa hadhara ukiitishwa, maswali yote huelekea upande mmoja. Bwawa litafunika mashamba ya nani? Nyumba ngapi zitavunjwa? Makaburi yatahamishiwa wapi? Fidia ni kiasi gani na italipwa lini? Ni maswali ya haki na lazima yaulizwe. Ila kuna kundi jingine, mara nyingi kubwa zaidi, ambalo halimo kwenye orodha ya mthamini yeyote kwa sababu ardhi yake haiguswi. Ni wale wanaoishi chini ya bwawa. Shamba lipo palepale, nyumba ipo palepale, lakini mto si ule tena. Fidia hufuata ramani ya ardhi, wakati madhara hufuata maji.

Tume ya Dunia ya Mabwawa, katika ripoti yake ya mwaka 2000, ilikadiria kuwa watu milioni 40 hadi 80 wamehamishwa na mabwawa makubwa duniani. Miaka kumi baadaye, 2010, watafiti wakajaribu kuhesabu watu wanaoutegemea mto ambao wanaishi chini ya mabwawa hayo na huenda maisha yao yameguswa. Wakapata takriban milioni 472. Tazameni tofauti hiyo, halafu mjiulize ni kundi lipi huitwa kwenye kikao.

Nieleze kidogo namna mitambo inavyofanya kazi, maana hapo ndipo wengi hupitwa. Ipo miradi inayojenga ukuta mkubwa na kutengeneza ziwa. Ipo mingine, hasa ile midogo ya milimani, ambayo haihitaji ziwa. Maji huchepushwa kwenye banio, yaani ukuta mfupi wa kukinga maji mtoni, huingizwa kwenye handaki au mfereji, hushuka kwa bomba hadi kwenye nyumba ya mitambo iliyo mbali huko chini, kisha hurudishwa mtoni. Miradi hii husifiwa kwamba haina madhara kwa kuwa hakuna anayehamishwa. Sasa kile kipande cha mto kati ya banio na nyumba ya mitambo kinabaki na nini?

Tuseme mto wenu masika hupitisha mita za ujazo 12 kwa sekunde, na kiangazi hushuka hadi 2. Mitambo imesanifiwa kumeza 3. Masika ikichukua 3 zinabaki 9, na mgeni akisimama darajani anaona mto umefura. Kiangazi mitambo inazitaka zote 2 na bado haishibi. Kinachobaki mtoni ni kile tu ambacho kibali kimelazimisha kibaki. Na kiangazi ndicho kipindi ambacho watu wa chini wanauhitaji mto kuliko wakati wowote. Visima vya mkono vimeshuka, mvua hakuna, bustani za bondeni ndizo zinazolisha nyumba, na mifugo yote imeshuka kunywa. Ndiyo maana ripoti iliyopimwa masika na ripoti iliyopimwa kiangazi zinaweza kusema mambo mawili tofauti kuhusu mto mmoja.

Kwa nini mwendeshaji abane hivyo? Kwa sababu kwake maji ni umeme moja kwa moja. Mita moja ya ujazo kwa sekunde ikishuka mita 100 hutoa karibu megawati 0.85. Pale Kihansi, Tanzania, kwenye milima ya Udzungwa, maji hushuka takriban mita 850. Kila mita ya ujazo inayoachwa ipite mtoni ni kama megawati 7 ambazo hazitazalishwa.

Kihansi inafaa tuitazame kwa makini. Ni mtambo wa megawati 180 uliozinduliwa mwaka 2000, na bwawa lake ni dogo mno, kwa hiyo kwenye karatasi ulionekana mradi msafi. Lakini maporomoko ya mto ule yalikuwa yakirusha manyunyu mchana na usiku, na ndani ya manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa watoto walio hai, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Mto ulipochepushwa, korongo likapoteza takriban asilimia 90 ya maji yake na manyunyu yakakatika. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga maporomoko. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Idadi ya waliobaki ilianguka ghafla mwaka 2003, na ugonjwa wa kuvu ulipatikana miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kuwa chura wa Kihansi ametoweka porini. Walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012, wakitoka kwenye bustani za wanyama.

Wapo wanaosema, chura tu huyo. Mimi naliona hivi: kama tathmini ya athari kwa mazingira iliweza kupitwa na kiumbe anayeishi palepale kwenye maporomoko yanayokaushwa, itamwonaje mama mwenye matuta matatu ya mboga kilomita tano chini ya banio, ambaye hana hati wala hajui kama kuna tathmini inaendelea?

#2 Taa Iwake

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho. Ila nina wasiwasi na nyuzi za namna hii. Vijiji vingi bado vipo gizani, zahanati zinazalisha akina mama kwa tochi za simu. Umeme wa dizeli ni ghali na unachafua hewa. Umeme wa maji ukishajengwa unadumu miongo mingi. Tukianza kuhesabu kila chura na kila tuta la mboga, hatutajenga kitu. Lazima kuwe na gharama fulani kwa ajili ya wengi.

#3 Mkondo wa Chini

Mkuu Taa Iwake, hilo la zahanati nakubaliana nawe kabisa, na sipingi umeme wa maji. Ninachokataa ni gharama kubebeshwa watu ambao hawakuulizwa, halafu umeme wenyewe uwapite juu ya vichwa.

Bwawa la Kariba ndiyo kielelezo. Watu wapatao 57,000, wengi wao Watonga, walihamishwa kutoka bonde la Zambezi pande zote mbili, Zambia na Zimbabwe za leo. Ukuta ulikamilika 1959. Umeme ukaenda migodini na mijini, na vijiji vingi vya waliohamishwa vikakaa miongo kadhaa bila taa, kwenye ardhi kavu isiyo na rutuba ya bondeni. Hao "wengi" waliofaidika hawakuwa majirani wa mto.

Na miradi haifanani. Brazil walijenga Balbina ndani ya msitu wa Amazon. Ni megawati 250 tu, lakini ziwa lilifunika zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Miti ikaoza ndani ya maji, na uozo huo ukatoa gesi ya methani, ambayo hupasha joto dunia kuliko kaboni dioksidi. Ukilinganisha na Kihansi, unaona eneo lililofunikwa halikuambii lolote kuhusu umeme utakaopatikana, wala kuhusu mto utakavyokuwa chini yake. Kuna na mifano ya kutia moyo. Mwenga, wilayani Mufindi, Tanzania, ni mtambo wa megawati 4 ulioanza mwaka 2012, na umeme wake umesambazwa kwenye vijiji vya jirani. Kwa hiyo inawezekana, ila inatakiwa iamuliwe tangu mwanzo, wakati mchoro bado ni mchoro.

#4 Muuguzi wa Zamu

Niongezee upande wa afya, kwa sababu huwa unatajwa kwa sentensi moja kisha unasahaulika.

Maji yaliyokuwa yanakimbia yakitulia, magugu huota kingoni, na konokono wanaobeba kichocho hupata makazi. Baada ya bwawa la umeme la Akosombo kukamilika Ghana mwaka 1965, kichocho kiliongezeka sana kwa watoto wa vijiji vya kando ya Ziwa Volta. Senegal nako, baada ya bwawa la Diama (hili si la umeme, lilijengwa kuzuia maji ya chumvi) kukamilika mwaka 1986, mji wa Richard Toll ulipata mlipuko wa kichocho cha tumbo, ugonjwa ambao hapo awali haukuwa tatizo eneo hilo.

Na hapa sikilizeni. Kwenye mto ule wa Senegal uliozuiwa na Diama kulikuwa na kamba wakubwa wa maji baridi ambao hushuka hadi karibu na bahari kuzaliana, kisha hupanda tena. Ukuta ukawakatia njia, wakapungua. Kamba wale walikuwa wanakula konokono. Watafiti walipowarudisha kwenye eneo la maji karibu na kijiji kimoja, konokono wenye vimelea walipungua, na maambukizi kwa wanakijiji yakashuka, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Mvuvi alipoteza kitoweo na mtoto akapata kichocho kwa sababu ileile moja. Tathmini ikiweka samaki sura yake na afya sura yake, uhusiano huo hauonekani.

Kambi za ujenzi pia. Wanaume mamia, mshahara wa kila mwezi, mbali na familia zao. Magonjwa ya zinaa, mimba za wanafunzi, bei ya chakula kupanda sokoni. Zahanati ya kijiji haiongezewi muuguzi hata mmoja. Mkandarasi anapaswa kulipia hilo, na liandikwe kwenye mkataba wake kabla tingatinga la kwanza halijaingia.

#5 Kijana wa Bondeni

Wakuu naomba msaada. Kwetu wamepita watu wa vipimo, wamepiga picha mto na kuweka vigingi. Wametuambia sisi wa chini hatuhusiki kwa sababu hakuna shamba litakalochukuliwa, ila wamepitisha karatasi ya mahudhurio tusaini. Wazee wamegawanyika. Tufanye nini?

#6 Mkondo wa Chini

Kijana, asante kwa kuuliza wakati bado mapema.

Karatasi ya mahudhurio isomeni juu imeandikwa nini. Mahudhurio yabaki kuwa mahudhurio, yasije yakageuka ridhaa. Kama kichwa cha karatasi kipo wazi au hakieleweki, andikeni wenyewe kwa kalamu: "tumehudhuria, hatujakubali wala kukataa," ndipo msaini. Pigeni picha kila ukurasa.

Kisha ombeni vitu viwili kwa maandishi kupitia serikali ya kijiji: ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na kibali cha kutumia maji. Kwenye kibali tafuteni mambo machache tu. Banio lipo wapi hasa, maji yanarudi mtoni wapi, na kiangazi mtoni kitaachwa kiasi gani. Kati ya sehemu hizo mbili hesabuni kila kinachotegemea mto. Vivuko, visima vya kingoni, bustani, sehemu za kunyweshea mifugo, mahali pa kufulia, mahali pa tambiko, mitego ya samaki, hata udongo wa kufinyangia vyungu. Anayejua hayo ni ninyi, si mshauri elekezi aliyekuja na gari kwa siku mbili.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuanza kuweka kumbukumbu leo. Chagueni mwamba mmoja mtoni, mpake alama ya rangi, na kila siku mtu mmoja aandike kwenye daftari maji yamefika wapi. Waandikeni samaki wanaovuliwa kwa majina yenu ya kienyeji, na msimu wake. Bila hivyo, mto ukishapungua mtaambiwa ulikuwa hivyo siku zote, ni mabadiliko ya tabianchi, na hamtakuwa na cha kuonyesha.

Hili si wazo langu la mezani. Thailand, bwawa la Pak Mun la megawati 136 lilikamilika mwaka 1994. Walijenga ngazi ya samaki ili wapande, na ngazi haikufaa kitu. Wavuvi walipambana kwa miaka hadi milango ya bwawa ikafunguliwa mwaka 2001 kwa majaribio. Wanakijiji hawakusubiri wataalamu. Walifanya utafiti wao wenyewe, wakaandika aina zaidi ya mia moja za samaki waliorejea, mimea ya kingoni, zana za uvuvi zilizotolewa tena darini. Daftari hizo zikawa ushahidi mikononi mwao.

#7 Mama Bustani

Mwanangu mleta mada, umegusa matuta ya mboga nami nimeguswa. Hata pale fidia inapolipwa, inalipwa kwa mwenye jina. Jina ni la baba. Bustani ya bondeni inalimwa na mama, na kwa kuwa bonde ni la wote, halina mwenyewe kwenye karatasi. Kwa hiyo mama anapoteza mara mbili, mto umepungua na pesa hakuiona. Nimeona fidia ikiisha kwa pikipiki na mke wa pili, na watoto wakabaki wanatembea mbali zaidi kuchota maji. Mthamini awaite wanawake peke yao, asiwaulize mbele ya waume zao.

#8 Mkondo wa Chini

Shikamoo mama. Hilo halijawahi kusemwa vizuri zaidi.

Chini ya Akosombo, kwenye mto Volta, wanawake walikuwa na uvuvi wao wa kome wa mtoni, kazi iliyowapa kipato chao wenyewe. Mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa yakisafisha mchanga na kuwalisha kome yalipozuiliwa, uvuvi ule ukaporomoka, na familia nyingi zikahama kwenda kuvua kwenye ziwa juu ya ukuta. Waliohesabiwa kuwa waathirika ni takriban watu 80,000 ambao vijiji vyao vilizama. Wale wa kome hawakuwa wamezamishwa na chochote.

Ni hivyohivyo kwa mbolea ya mto. Mashapo, yaani tope na mchanga unaobebwa na maji, hunaswa nyuma ya ukuta na maji yanatoka mepesi, yana njaa ya udongo, yanamega kingo. Bwawa kuu la Aswan lilipoanza kuuzuia mto Nile miaka ya 1960, uvuvi wa dagaa kwenye mwambao wa Misri ulianguka kutoka takriban tani 18,000 kwa mwaka hadi mamia machache, kwa sababu maji ya mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha bahari hayakufika tena. Umbali kutoka ukuta hadi baharini ni zaidi ya kilomita elfu moja.

#9 Mhandisi Mstaafu

Nimefanya kazi hizi muda mrefu, na mleta mada yuko sahihi kuhusu kipande kilichochepushwa. Niongeze yale ambayo wanakijiji hawaambiwi.

Kwanza maji ya kuachwa mtoni. Mtasikia "tutaacha asilimia kumi." Ulizeni, kumi ya nini? Ufaransa, kwa mito mingi, sheria inadai angalau asilimia 10 ya wastani wa mtiririko wa mwaka, na mitambo ya zamani ilipewa hadi Januari 2014 kutimiza. Kwenye mto wa mfano wa mleta mada, kama wastani wa mwaka ni 5, hiyo ni nusu mita ya ujazo. Asilimia kumi ya maji ya kiangazi ni 0.2 tu. Maneno ni yaleyale, maji ni chini ya nusu. Na hata nusu mita haina uhakika wa kutosha. Inategemea upana wa mto na kazi zake.

La pili ni usanifu. Kama maji ya mto yanaachwa kwa kufungua mlango kwa mkono, siku umeme unahitajika sana mlango utafungwa. Dai tundu la kudumu kwenye ukuta wa banio, lisilo na mlango, liwe chini ya usawa wa mdomo wa handaki. Hapo mto unachukua fungu lake kwanza na mitambo inapata kinachobaki. Ni zege na chuma kidogo, halitegemei hisani ya mtu wa zamu.

La tatu linaua watu. Mitambo mingi huhifadhi maji mchana na kuyaachia jioni watu wanapowasha taa, au milango hufunguliwa ghafla mitambo ikizimika. Mto unapanda kwa dakika chache chini ya anga isiyo na wingu hata moja. Juni 2014, kwenye mto Beas huko India, wanafunzi 24 wa uhandisi walisombwa walipokuwa juu ya mawe wakipiga picha, baada ya bwawa la juu kufunguliwa. Ving'ora vinatakiwa vifike hadi kivuko cha mwisho, na maji yaachiliwe kwa hatua. Mabango peke yake hayamsaidii mtoto asiyejua kusoma.

#10 Taa Iwake

Nimesoma michango ya mhandisi na muuguzi, na nimebadilika kidogo. Swali langu sasa: kijiji cha chini kinapataje chochote kwa miaka yote ya mradi, badala ya fidia ya mara moja ambayo hata hawaipati?

#11 Mkondo wa Chini

Swali zuri mkuu. Zipo nchi zilizoliweka kwenye sheria. Kolombia, kwa sheria ya mwaka 1993, mitambo ya maji inayozidi megawati 10 hutoa asilimia 6 ya mauzo ya umeme wake. Nusu huenda kwa mamlaka zinazotunza vyanzo vya maji na nusu kwa manispaa za bonde husika. Norwei, manispaa zilizoathiriwa na mradi zina haki ya kununua hadi asilimia 10 ya umeme kwa bei ya gharama, na zikitaka zinauza na kuweka faida kwenye shule na barabara zao. Hayo ni malipo ya kila mwaka kadiri mashine zinavyozunguka, yanahesabiwa kwa umeme uliotoka na si kwa ukarimu wa mwekezaji.

Ninachoshauri ni kwamba mgao uandikwe kwa mto mzima. Mara nyingi "kijiji kinachozunguka mradi" humaanisha pale palipo na nyumba ya mitambo na geti la walinzi. Kile kijiji kilicho kwenye kipande kilichochepushwa kiwe cha kwanza kutajwa, na vile vya mbali zaidi vinavyotegemea samaki na mafuriko viwe na kiti kwenye kamati inayosoma vipimo vya maji. Vipimo hivyo vibandikwe ubaoni kila wiki, palipo na watu.

Na mfereji wa zamani wa umwagiliaji, kama upo, upimwe na uandikwe kwenye kibali kama mtumiaji aliyetangulia. Miradi mingi midogo huufuta kimyakimya kwa sababu haukuwahi kusajiliwa.

Kijana wa Bondeni, mkipata nakala ya kibali, weka hapa ukurasa wenye viwango vya maji kwa kila mwezi. Futa kwanza majina na saini za watu. Mhandisi Mstaafu, naomba utusaidie kupitia mwezi mmojammoja, tuanze na ule mkavu kuliko yote.